Dereva Waliyemwita Mzima

Kila gari letu la kliniki lilipofika kule makazini, kitu cha kwanza kushuka hakikuwa sanduku la chanjo wala mzani wa watoto. Kilikuwa kiti cha plastiki cha bluu, chenye mguu mmoja uliofungwa waya. Dereva alikishusha mwenyewe, akakiweka pale ambapo kila mtu angekiona, akakipangusa vumbi kwa kofia yake, akaketi na kukunja mkono wa shati. Nesi alimfunga kile kitambaa cha kupimia presha, akabonyeza mashine, na watu wakanyamaza kuisikiliza inavyojaza upepo. Kisha nesi alinyanyua kichwa akasema kwa sauti, "Mzima."

Watoto walilidaka neno hilo na kulirusha huku na huku. Dereva alisimama, akanyoosha mikono yote miwili waone haijapungua kitu, watu wakapiga makofi, na foleni ikaanza. Ndivyo tulivyofanya kazi. Mimi kazi yangu ni kutoa dawa, nakaa nyuma ya gari kwenye kidirisha, na kwa miaka mingi sikuhitaji hata kuchungulia nje. Nikisikia makofi, nilifungua kufuli la kabati.

Jina alilopewa na wazazi wake likafa kifo cha kawaida. Watoto walimwita Mzima, halafu mama zao, halafu sisi, mwishowe hata bosi wetu mjini alipomtafuta aliuliza, "Mzima yuko wapi?" Naye aliitika bila kinyongo.

Lazima nieleze kwa nini mtu mwenye akili zake timamu akubali kupimwa mbele za watu kama mbuzi wa mnadani. Watu wale ndio waliokuwa wa kwanza katika nchi ile, kabla ya barabara, kabla ya mashamba makubwa, kabla yetu sisi wengine tunaojifanya wenyeji. Msitu ulikuwa wao. Siku moja yakaja magari, wakashuka watu wapole waliogawa peremende, wakasimamisha vyuma vya miguu mitatu, wakatandaza kamba ndefu, wakapima. Baada ya vipimo ukaja uzio. Watu wakajikuta wako upande wa huku, kwenye mteremko wa mawe, na msitu uko upande wa kule na mlinzi mwenye bunduki.

Sasa fikiria sisi tunatokea na gari jeupe, nyuso za upole na masanduku ya vipimo. Mara ya kwanza tulikuta nyumba tupu na majiko bado yanafuka. Sikuwalaumu. Ningekuwa mimi ningekimbia na sufuria kichwani.

Dereva alikuwa mtoto wa pale pale. Alitoka kijana kwenda mjini, akajifunza ufundi wa magari kwa kutukanwa na mafundi, akapata leseni, nasi tukamwajiri kwa sababu alijua njia na lugha. Siku ile alipanda juu ya boneti akaita kwa lugha yao mpaka koo likakauka. Wachache walipojitokeza, alimgeukia nesi. "Nipime mimi," alisema. "Wakiona sijanyang'anywa kitu, watakuja." Wakaja. Nasi tukashika hiyo njia, kwa sababu ilifanya kazi, na kitu kinachofanya kazi hakuna anayekiuliza maswali.

Msimu wa mvua uliopita nilisubiri makofi, yakachelewa. Nikachungulia. Nesi alikuwa ameinamia mashine. Akafungua kitambaa, akakifunga upya, akabonyeza tena. Watu wote macho kwake. Nesi wetu si mtu wa kutetereka, amezalisha wanawake garini huku gari limekwama kwenye tope, lakini mkono wake ulikuwa unapapasa papasa kile kitambaa kana kwamba tatizo liko kwenye uzi. Dereva naye alitabasamu tabasamu lake la kazini, jasho linamtoka nyuma ya masikio.

"Mzima," nesi akasema.

Makofi. Nikafungua kufuli.

Jioni, tulipokuwa tunapakia, nesi alimvuta dereva nyuma ya gari karibu na kidirisha changu. "Kichwa kinakuuma?" alimwuliza.

"Kisogoni. Asubuhi asubuhi."

"Tangu lini?"

"Si muda mrefu." Akacheka. "Hiyo ni barabara, nesi. Ile barabara ingemuumiza kichwa hata punda."

"Hiyo si barabara. Presha yako imepanda vibaya. Kwa presha hii, ungekuwa mtu mwingine nisingekuruhusu urudi nyumbani kwa miguu, sembuse kuendesha." Kisha akashusha sauti. "Nisamehe. Pale mbele nilishindwa kusema."

Tuliporudi mjini nesi alimweleza bosi, naye akatuita ofisini. Ni chumba chenye feni inayogeuka upande mmoja tu, upande wake, na ramani ukutani yenye pini nyekundu pale makazi yalipo. Bosi ana kipaji cha kulainisha maneno. Alisema presha ni ugonjwa wa kawaida, dawa zipo, mtu anameza kidonge na maisha yanaendelea. Alisema hakuna haja ya kuwashtua watu. "Hatusemi uongo," alisema. "Tunauchelewesha ukweli kidogo. Mpaka watuzoee."

Nilitaka kumwuliza kuzoea gani tena kunakosubiriwa baada ya miaka yote hiyo, lakini dereva alinitangulia, tena akamuunga mkono.

"Bosi anasema kweli," alisema. "Mimi nawajua watu wangu. Nikiwaambia naumwa, hawatasema Mzima anaumwa. Watasema gari limemla. Amepimwa mno mpaka wamemmaliza. Kesho mtakuta majiko yanafuka. Na wale watoto wa chanjo? Na yule mama anayetarajia mapacha?" Alikuwa anaizungusha kofia yake mikononi. "Acheni tu."

Hakuna aliyemfunga. Aliingia mwenyewe na mlango akaufunga kwa ndani, na kila mtu mle chumbani alimshukuru.

Vidonge nilimfungia mimi, kwenye karatasi ndogo ndogo. Alipanga chumba mjini, nyuma ya karakana ya kuziba pancha, ukuta mmoja umepakana na ile mashine ya upepo inayonguruma mchana kutwa, lakini huko hakukuwa na tatizo, alimeza apendavyo. Tatizo lilikuwa kule makazini, tulikokaa siku kadhaa kila safari, na watoto waliingia kwenye gari kama kwao. Kwa hiyo vidonge alivificha kwenye kisanduku cha fyuzi, chini ya usukani. Asubuhi ungemkuta amelala chali anakagua fyuzi ambazo hazina neno. Ninakuambia, hakuna gari lililowahi kukaguliwa fyuzi kama lile.

Alijaribu kutoka mle alimojifungia. Safari moja aliumwa kweli, macho yakawa yanaona mawili mawili, bosi akatuma dereva mwingine, kijana msafi mwenye miwani ya jua. Tulipofika, kiti kikashushwa, yule kijana akaketi. Hakuja mtu. Baada ya muda alitoka mwanamke mmoja akasimama mbali, akauliza, "Mzima yuko wapi? Mmempeleka wapi?" Tulirudi na chanjo zetu kama tulivyokwenda. Safari iliyofuata Mzima alikuwa kwenye usukani, amekonda uso, na watu walimpokea kwa vigelegele. Aliniambia njiani, "Siruhusiwi hata kulala na homa." Akacheka, nami nikacheka naye, na ndani nilijisikia vibaya.

Yote haya pengine angeyabeba, isipokuwa alikuwa na dada.

Dada yake alimlea tangu mama yao alipofariki. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita mbuzi mlima wa pili, na ulimi ambao hata mimi naupisha. Alikuwa na ugomvi na mimi tangu siku nilipompa mtoto wa jirani dawa chungu. Lugha yao naielewa kwa masikio, mdomoni ndiyo inakataa, na yeye alilijua hilo, kwa hiyo alinisema nikiwa nasikia. Lakini alimpenda yule mdogo wake mpaka ikawa aibu kumtazama. Aliniambia siku moja, katika siku zetu za amani, "Huyu hajui kudanganya. Tangu mdogo, akitaka kusema uongo, kwanza anacheka."

Kila safari dereva alimletea dada yake mfuko wa chumvi. Duka lilikuwa mbali, na dada alikuwa mpenzi wa chumvi asiye na kifani. Aliitia kwenye mboga, akaitia kwenye uji, akailamba kiganjani akiwa anapiga soga. Mfuko ulisafiri sakafuni, mbele ya kiti cha abiria, na dada aliupokea kwa mikono miwili, akaupima uzito, akasema mwaka huu wenye duka wamekuwa wezi.

Na dada alikuwa anaumwa kichwa. Kisogoni, asubuhi asubuhi.

Nilimsikia akimweleza mdogo wake wakiwa wamekaa kwenye ngazi ya gari. Dereva akasema, "Dada, nenda kwa nesi akupime."

"Anipime nini? Wewe hukuniambia majuzi kwamba kichwa kinakuuma?"

"Nilikuambia."

"Kisogoni?"

"Kisogoni, dada."

"Na masikio yanalia?"

"Wakati mwingine."

"Haya. Na wewe wanakupima kila wanapokuja, mbele ya macho yangu, na wanasema mzima. Sisi tumetoka tumbo moja. Kama wewe wa kichwa hicho ni mzima, na mimi wa kichwa hiki ni mzima. Kwa nini nikajaze foleni ya wagonjwa?"

Niliacha kuhesabu vidonge. Hoja ya yule mama ilikuwa haina tundu la kupenya. Tulikuwa tumemfundisha sisi wenyewe, safari baada ya safari, kwa sauti na kwa makofi.

Mbaya zaidi, kila safari nesi alitoa mazungumzo ya afya, na dereva ndiye mkalimani. Basi alisimama mbele ya watu wake akawaambia kwa lugha yao wapunguze chumvi, na dada yake akiwa mstari wa mbele akitikisa kichwa kukubali, kwa niaba ya wengine. Chumvi mbaya ilikuwa ya wagonjwa. Safari moja hakumletea ule mfuko. Dada alisubiri, akatazama mikono mitupu, akauliza kulikoni.

"Nimesahau," alisema, akacheka.

Dada akamkazia macho. "Unacheka nini?"

Safari iliyofuata alileta mifuko miwili. Nilimfuata nikamwambia maneno makali ambayo sitayarudia, akayapokea yote kisha akasema, "Nisipoleta atauliza. Akiuliza mara ya pili nitamwambia. Nikimwambia yeye, jioni hii kijiji kizima kitajua. Unataka nifanyeje, mama?" Huwa ananiita mama akiwa amechoka. Nilimwendea bosi badala yake, nikamwambia dada wa dereva ataanguka. Bosi alisikitika kwa dhati. Aliandika kitu, akasema tulifikirie baada ya kampeni ya chanjo kuisha.

Kampeni za chanjo haziishi.

Safari ya mwisho ninayoisimulia hapa, tulifika asubuhi ya jua kali. Dada alikuja kutupokea na kikombe cha maji kwa ajili ya mdogo wake, kama kawaida yake. Alikishika kwa mkono wa kushoto. Karibu na gari kikombe kilidondoka. Hakujikwaa, hakusukumwa na mtu. Vidole tu viliachia. Aliviangalia vidole vyake kama vya mtu mwingine, akavikunja, akavikunjua, akasema kikombe kina mafuta. Halafu akainama akakiokota kwa mkono wa kulia.

Dereva aliona. Nilimwona akiona. Alisimama pale na mlango wa gari wazi mpaka nesi alipomwita mara ya pili.

Akashusha kiti. Akakipangusa. Akaketi, akakunja mkono wa shati. Nesi akafunga kitambaa na kubonyeza, na siku hizo alikuwa amezoea kiasi kwamba hakusubiri tena mashine imalize. "Mzima," akasema.

Watoto wakadaka. Makofi yakaanza. Dereva hakusimama.

"Mimi si mzima," alisema kwa lugha yao.

Makofi yakapungua. Nesi alimtazama, maana hakuelewa, akadhani anawasalimu.

"Mimi naumwa. Nimeumwa muda mrefu. Nesi anajua, na yule wa dawa anajua. Kila waliposema mzima nilikuwa naumwa. Kichwa, masikio, macho. Ugonjwa huu unaweza kumwangusha mtu akiwa anatembea." Aliyasema polepole, uso mkavu kabisa.

Nilisubiri wakimbie. Nilishika kufuli mkononi, nikasikiliza milango na miguu.

Walicheka.

Kilianza kicheko cha kijana mmoja nyuma, kikamshika mama yake, kikaenea. Miaka yote wamemwona pale kwenye kiti akicheza mchezo wake, akinyoosha mikono, akizunguka waone mgongo. Leo kaja na mchezo mpya. Mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, "Wamemfundisha na kuigiza." Mwingine akapaza sauti, "Mzima, anguka basi tuone."

Alinyanyuka na kitambaa bado kimening'inia mkononi, akaenda mlango wa mbele, akang'oa kifuniko cha kisanduku cha fyuzi, akarudi na karatasi zangu. Akafungua moja, akawaonyesha kidonge, akakimeza bila maji. Wakazidi kucheka, watoto wakaanza kumeza vidonge vya hewani. Alizunguka akimtazama huyu na huyu. Sijawahi kumwona mtu amebanwa vile katikati ya uwanja usio na ukuta hata mmoja. Aliogopa kwa mwaka mzima kwamba wakiujua ukweli watakimbia. Sasa ameutoa wote, na foleni inajipanga kwa furaha, kila mmoja anasubiri zamu yake ya kuambiwa mzima.

Mtu mmoja hakucheka. Dada alikuwa amesimama mahali pake, kikombe kimemning'inia kidoleni, anamtazama mdogo wake mdomoni. Anasubiri kile kicheko chake cha kwanza, kile cha utotoni. Hakikuja.

Akawapita watu wa foleni bila kuomba njia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile kiti cha bluu akaketi, akakiweka kikombe chini, akaupandisha mkono wa gauni. Alifanya yote kama alivyomwona mdogo wake akiyafanya, hata kule kunyoosha vidole. Nesi akamfunga. Mashine ikajaza upepo, ikakaza, ikakaza tena, na safari hii nesi aliisubiri mpaka mwisho. Watu nao wakasubiri lile neno. Watoto walikuwa wameshavuta pumzi kulidaka.

Nesi hakulisema. Akapiga magoti mbele ya yule mama akamshika mkono wa kushoto, akaanza kumwambia kwa lugha yetu asinyanyuke, atulie, tunaondoka naye sasa hivi. Nikasikia foleni nyuma inanyamaza mtu mmoja mmoja.

Dada hakumsikiliza. Alikuwa anamtazama mdogo wake.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana, dada."

Nilikuwa nimeshateremka garini, nimesimama karibu, na ningetoa chochote nisiwe naelewa lugha yao siku ile. Sauti ya dada, ile ya mlima wa pili, ilikuwa ndogo.

"Na ulijua ni ugonjwa wa chumvi. Ulisimama hapa ukatuambia."

"Nilijua."

"Na ukaendelea kuniletea."

Dereva hakucheka. Alimnyanyua pamoja na nesi, mmoja kila upande, wakampeleka kwenye kiti cha mbele cha gari, na alipokuwa anamfungia mkanda ilibidi ausukume pembeni kwa mguu ule mfuko wa chumvi wa siku ile.